Kusomea ukocha na sayansi ya michezo chuo kikuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa kila msimu wa maombi na watu wa aina nne: waliomaliza sekondari, wachezaji walioanza kusikia magoti, makocha wenye miaka mingi uwanjani bila cheti, na wazazi wanaotaka kujua kama mtoto anakwenda kusoma au kucheza. Si lazima uyasome kwa mfuatano. Jibu moja likihitaji jingine, utaelekezwa.

## Kabla ya kuomba nafasi

Sayansi ya michezo ni nini, na ukocha unaingia wapi?

Sayansi ya michezo huchunguza kinachotokea mwilini na akilini mtu anapokimbia, anaporuka, anapochoka na anapopona. Nguzo zake ni fiziolojia (jinsi mwili unavyofanya kazi), biomekanika (nguvu na mwendo wa mwili), saikolojia na elimu ya jinsi watu wanavyojifunza stadi za mwili. Lishe na takwimu zimepenya humo mote.

Ukocha una swali lake: ukishayajua hayo, leo jioni utafanya nini na wachezaji 22 waliochoka kila mmoja kwa namna yake, mipira sita, na dakika 75 kabla giza halijaingia? Programu nyingi huyaweka mambo haya mawili chini ya shahada moja, lakini mizani haiko sawa kila mahali. Moja itakuweka maabarani siku tatu kwa wiki, nyingine itakuweka uwanjani. Usidanganywe na jina la shahada. Tazama orodha ya kozi za mwaka wa pili na wa tatu. Huko ndiko programu inakoonyesha rangi yake.

Si elimu ya viungo ile ile kwa jina jipya?

Hapana, ingawa ni ndugu. Elimu ya viungo humwandaa mwalimu wa shule. Mwaka 1964 Franklin Henry wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika makala akidai kwamba mwendo wa mwili wa binadamu unastahili kuwa taaluma yenye maarifa yake, badala ya kubaki sehemu ya mafunzo ya ualimu. Hoja hiyo ilizipa idara nyingi pa kusimamia.

Uchunguzi wenyewe ulikuwa umeanza zamani. A. V. Hill, Mwingereza aliyepata Nobel ya mwaka 1922 kwa kazi yake juu ya joto linalozalishwa na misuli, alikimbia mwenyewe huku amebeba mfuko wa kukusanyia hewa anayoitoa, apate kujua mwili unatumia oksijeni kiasi gani. Chuo Kikuu cha Harvard nacho kilikuwa na maabara maalumu ya kuchunguza uchovu, kuanzia 1927 hadi 1947.

Ni lazima niwe nimecheza kwa kiwango cha juu?

Si lazima. Arrigo Sacchi, kocha Mwitaliano, hakuwahi kucheza soka la kulipwa, na alipoandamwa na swali hilo alijibu kwamba hakujua kuwa mpanda farasi lazima kwanza awe farasi. Akiwa na Milan alichukua Kombe la Ulaya mwaka 1989 na 1990. José Mourinho, ambaye hakuvuma kama mchezaji, alisomea sayansi ya michezo Lisbon.

Lakini kuna kozi za vitendo, na unahitaji kuujua angalau mchezo mmoja kwa ndani: ujue sauti ya kocha inavyosikika pale pumzi zimekuishia na maelezo yake ni marefu. Waliocheza juu sana nao wana shida yao. Hufundisha kama walivyofundishwa, na ni vigumu kuwatoa hapo.

Nahitaji masomo gani ya sekondari?

Biolojia karibu kila mahali. Hisabati, fizikia au kemia kutegemea programu. Baadhi ya vyuo hudai pia jaribio la mwili au ushahidi wa kushiriki michezo. Wanaorudia mitihani mwaka wa kwanza kwa kawaida si wasioweza kukimbia. Ni wale waliodhani hesabu wameshaiaga (tazama swali linalofuata la hesabu).

Inachukua miaka mingapi?

Mitatu au minne kwa shahada ya kwanza, kisha mmoja au miwili kwa uzamili.

## Darasani na maabarani

Kuna hesabu kiasi gani?

Mfano mmoja utatosha. Unataka kujua mchezaji anaruka juu kiasi gani, na huna kifaa ila simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde. Unahesabu fremu tangu vidole vya miguu vilipoachana na ardhi hadi vilipoigusa tena. Ni 120, yaani sekunde 0.5. Kanuni inasema: chukua 9.81, ambayo ni mchapuko wa mvutano wa dunia, zidisha kwa muda wa hewani kipeo cha pili, gawanya kwa 8. Unapata mita 0.307, karibu sentimita 31.

Sasa mwenzako ahesabu video ile ile. Yeye anapata fremu 122, kwa kuwa kiatu kilikuwa cheusi na nyasi zilificha vidole. Jibu lake ni karibu sentimita 32. Sentimita moja imeongezeka na mchezaji hata hajafanya zoezi! Baada ya wiki sita unampima tena, unapata 32. Ameimarika, au umehesabu vibaya? Hapo ndipo takwimu inapoanza, na ndiyo sababu utasomeshwa makosa ya upimaji kabla hujaruhusiwa kujisifu.

Nami niliwahi kutangaza kwa furaha kwamba timu nzima imepanda. Niliporudia video nikaona kwamba safari ya pili walikuwa wakitua wamekunja magoti. Anayekunja magoti hewani huchelewa kugusa ardhi, na kanuni humzawadia sentimita ambazo hakuruka. Hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja. Nilichopima ndicho kilichokuwa kibovu.

Maabarani kunafanyika nini?

Utapimwa kabla hujapima. Kipimo maarufu ni cha kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia. Unavaa barakoa iliyounganishwa na mashine ya kuchanganua hewa, unapanda kwenye mashine ya kukimbilia, kasi au mwinuko unaongezwa kidogo kidogo hadi ushindwe. Matokeo huandikwa kwa mililita za oksijeni kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Kuna pia kipimo cha Wingate, sekunde 30 za kukanyaga baiskeli kwa nguvu zote. Ndoo huwekwa karibu, na si pambo.

Tone la damu huchukuliwa kidoleni au kwenye ndewe ya sikio ili kupima laktati, zao la misuli inapofanya kazi kwa nguvu, ambalo wengi huliita asidi ya laktiki. Mwanafunzi mpya hukosea jambo dogo: hafuti jasho. Jasho lina laktati yake, na likichanganyika na damu, mashine itatoa namba ya juu isiyo ya kweli. Futa, toboa, futa tone la kwanza, ndipo uchukue la pili. Mkimbiaji atakutazama kwa hasira maana anataka kuendelea. Fanya hivyo hivyo.

Pasipo na vifaa hivyo kuna mbio za kwenda na kurudi za mita 20, zilizoandaliwa na Luc Léger wa Montreal mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zinahitaji koni, spika na rekodi ya mlio: mwendo huanza kilomita 8.5 kwa saa na kuongezeka kwa nusu kilomita kila dakika. Timu nzima humaliza kabla maabara haijampima mtu mmoja. Kumbuka tu kwamba hapo oksijeni inakadiriwa, haipimwi.

Ni kweli asidi ya laktiki ndiyo inayoleta maumivu ya misuli kesho yake?

Hapana, na hili ni kati ya mambo ya kwanza utakayovuliwa. Laktati hurudi kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja au mbili baada ya mazoezi, ilhali maumivu hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Yanahusishwa na uharibifu mdogo wa nyuzi za misuli, hasa misuli inapofanya kazi huku ikirefuka, kama unapoteremka mlima. Laktati yenyewe ni nishati inayotumiwa na moyo na misuli mingine. Mwanafiziolojia George Brooks amelitetea hilo tangu miaka ya 1980.

Imani nyingine itakayochunguzwa ni ile ya kutoa umri wako kwenye 220 ili kupata mapigo ya juu ya moyo. Ilienea tangu mwaka 1971, na kwa mtu mmoja mmoja inaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi. Mwaka 2001 ilitolewa kanuni mbadala: 208 toa umri uliozidishwa kwa 0.7. Kwa mwenye miaka 40 zote mbili hutoa 180. Kwa mwenye miaka 60 zinaachana, 160 na 166. Na hata hiyo ya pili ni wastani wa watu wengi, haikujui wewe.

Vilevile imani kwamba ubingwa huja kwa kufanya mazoezi saa 10,000. Mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake, mwaka 1993, waliandika juu ya wapiga fidla bora waliokuwa wamefikisha wastani wa kiasi hicho walipokuwa na umri wa miaka 20. Wastani si kizingiti, na Ericsson mwenyewe alilalamikia namna watu walivyoligeuza jambo hilo kuwa sheria.

Ukocha nao unafundishika? Si kipaji?

Kipaji kipo, ila sehemu kubwa ya kazi ni maneno, muda na mpangilio, na hivyo vinapimika. Katika msimu wa 1974–75 watafiti wawili, Roland Tharp na Ronald Gallimore, walikaa kwenye mazoezi ya John Wooden, kocha wa mpira wa kikapu wa UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles), wakiandika kila tendo lake. Walirekodi matendo 2,326. Takribani nusu yalikuwa maelekezo ya wazi ya nini kifanyike na vipi. Sifa hazikufika asilimia 7.

Zoezi kama hilo utapewa, safari hii mlengwa ukiwa wewe. Unabandikwa kipaza sauti, unafundisha dakika 20, kisha unakaa na video na kuliandika kila neno lako. Wengi hutoka wameinamisha kichwa. Unajisikia ukisema “safi, safi” kwa pasi iliyokwenda nje. Unajiona umesimamisha mazoezi kueleza jambo huku wachezaji 16 wakikusikiliza kwa migongo.

Baada ya hapo ndipo utafiti unapata maana. Mtafiti Gabriele Wulf ameonyesha katika majaribio mengi kwamba maelekezo yanayopeleka fikra nje ya mwili huzaa matokeo bora kuliko yanayozipeleka kwenye kiungo: “isukume ardhi nyuma” hufanya kazi kuliko “nyoosha goti”. Jaribu siku moja na mrukaji, utaona. John Shea na Robyn Morgan, mwaka 1979, walionyesha kwamba kuchanganya stadi hufanya mazoezi ya leo yaonekane mabaya lakini kinachojifunzwa hukaa zaidi. Hili ni gumu kulitekeleza kuliko kulielewa, kwa sababu mzazi aliyesimama pembeni anapenda mistari iliyonyooka.

## Leseni na kazi

Nikihitimu nitakuwa na leseni ya ukocha?

Kwa kawaida hapana. Shahada hutolewa na chuo, leseni hutolewa na mchezo. Katika soka, UEFA, shirikisho la Ulaya, ina ngazi za C, B, A na Pro, na CAF, shirikisho la Afrika, ina D, C, B, A na Pro. Michezo mingine ina ngazi zake. Baadhi ya vyuo vimekubaliana na mashirikisho ili kozi zao zihesabike. Uliza hilo kwa maandishi kabla ya kulipa ada, na uliza ngazi gani hasa. “Tunatambuliwa” si jibu.

Wahitimu hufanya kazi gani?

Ukocha wa vijana, ukocha wa nguvu na utimamu wa mwili, uchambuzi wa video na data za mechi, upimaji maabarani, ualimu (mara nyingi kwa kuongeza mafunzo ya ualimu), programu za mazoezi kwa wagonjwa na wazee, uongozi wa michezo, utafiti. Nafasi katika timu kubwa ni chache kuliko wahitimu, na nyingi huanzia kwenye kujitolea. Yeyote anayekuahidi timu ya daraja la kwanza kabla hujafungua daftari anakuuzia kitu. Upande wa afya hauna kelele za mashabiki, lakini ndio ambao wanafunzi wengi huusahau.

Kuna tofauti gani na fiziotherapia?

Fiziotherapia ni taaluma ya tiba: mhitimu husajiliwa, hutathmini jeraha na kulitibu. Mwanasayansi wa michezo hupanga mazoezi, hupima, na husaidia kuzuia jeraha lisitokee. Mchezaji akishika paja na kuanguka, kazi yako ni kumwita anayehusika. Kubonyezabonyeza paja lenyewe mwachie yeye.

Nimekuwa kocha miaka 15. Chuo kitaniongezea nini?

Jicho unalo. Chuo kitakupa njia ya kuliandika na kulitilia shaka. Chukua uchovu. Unawatazama wachezaji na unajua wamechoka, lakini nani zaidi, na tangu lini? Mtafiti Carl Foster alitoa njia isiyohitaji kifaa chochote: dakika kama 30 baada ya mazoezi, muulize kila mchezaji kwa faragha yalikuwa mazito kiasi gani, kutoka 0 hadi 10, kisha zidisha kwa dakika. Saba kwa dakika 60 ni 420. Nne kwa dakika 90 ni 360. Andika kwenye daftari kwa mwezi mmoja. Siku wenzake watakaposema 5 na yeye akasema 9, una sababu ya kumvuta pembeni na kumuuliza kama amelala.

Kwa uzoefu wako baadhi ya vyuo vitakupunguzia kozi za vitendo. Takwimu hawatakupunguzia.

## Hali za pekee

Bado nashindana. Nitaweza kusoma pia?

Ndiyo, ukilisema mapema. Maabara na mafunzo kwa vitendo ndiyo yenye mahudhurio yasiyosogezwa. Mihadhara ina nafasi. Pia, mwili wako utaombwa kuwa mshiriki wa majaribio ya wenzako kila wiki. Una haki ya kukataa, hasa karibu na mashindano.

Nina ulemavu. Kozi za vitendo zitanizuia?

Hazipaswi. Kinachotahiniwa katika ukocha ni kuona kosa, kueleza na kupanga, na hayo hayahitaji kuruka kiunzi wewe mwenyewe. Omba marekebisho kabla ya muhula kuanza. Zaidi ya hapo, michezo ya watu wenye ulemavu ni uwanja mpana wa utafiti: tangu Ludwig Guttmann alipoanzisha mashindano ya Stoke Mandeville mwaka 1948, na Paralimpiki ya kwanza ikafanyika Roma mwaka 1960, swali la namna ya kuwapanga wanamichezo katika madaraja ya haki halijaisha.

Nataka kufundisha watoto tu. Yote haya ya nini?

Kwa sababu hapo ndipo kosa la kocha hudumu. Kasi ya kukua kwa urefu hufikia kilele karibu na miaka 12 kwa wasichana na 14 kwa wavulana, lakini watoto wawili wa darasa moja wanaweza kuachana kwa miaka kadhaa ya ukomavu. Aliyetangulia kukua hushinda kila kitu. Kocha asiyejua humwita kipaji, na yule mdogo humrudisha nyumbani.

Hata mwezi wa kuzaliwa unaingia. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba wachezaji wa magongo ya barafu waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka walikuwa wengi mno katika ligi za juu, kwa sababu umri ulihesabiwa kuanzia Januari. Hali hiyo imeonekana katika michezo mingi tangu hapo. Chukua orodha ya timu yoyote ya vijana unayoijua uhesabu wa Januari hadi Machi, kisha wa Oktoba hadi Desemba.

Mchezaji akiniuliza kuhusu virutubisho nimjibu nini?

Mwambie chakula kwanza, kisha mpeleke kwa daktari au mtaalamu wa lishe. Chini ya Kanuni ya WADA, shirika lililoundwa mwaka 1999 kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni, mwanamichezo anawajibika kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, alikusudia au hakukusudia. Kopo linaweza kuwa na kitu kisichoandikwa kwenye lebo yake. Wewe pia unaweza kuadhibiwa: kumpa au kumsaidia mchezaji kutumia dawa hizo ni kosa linalomhusu na kocha.

Niko mafunzoni kwa vitendo na kocha mkuu anafanya jambo ninalojua si sahihi. Niseme?

Inategemea jambo. Akiwanyima maji wachezaji, au akimrudisha uwanjani aliyegongwa kichwa, sema hapo hapo na mjulishe msimamizi wako wa chuo. Hapo hakuna adabu ya kusubiri.

Mengine yanataka subira. Tuseme hataki zoezi la kuimarisha misuli ya nyuma ya paja, lile la kupiga magoti huku mwenzako akikushika vifundo na wewe ukijishusha mbele polepole. Utafiti unaonyesha linapunguza majeraha ya misuli hiyo kwa kiasi kikubwa. Ukienda na makala mkononi, utapewa kazi ya kukusanya koni. Muulize kwanza kwa nini aliliacha. Huenda alilifanya siku moja kabla ya mechi, wachezaji wakaamka na miguu iliyokaza, akaapa hatarudia. Basi omba seti mbili fupi mwanzoni mwa wiki, na wachezaji wachache walio tayari.

Naweza kutumia timu yangu mwenyewe kwa tasnifu?

Unaweza, lakini si kwa kuchukua data zilizoko kwenye daftari lako na kuzichapa. Unahitaji kibali cha kamati ya maadili kabla ya kuanza kukusanya, ridhaa ya kila mchezaji, na ya mzazi kwa walio chini ya umri. Tatizo gumu ni kwamba wewe ndiye unayepanga kikosi cha Jumamosi. Ni mchezaji gani atakukatalia? Suluhisho la kawaida ni mtu mwingine awaombe ridhaa, na wewe usijue nani amekataa hadi msimu umalizike.

Ukibaki na washiriki wanane, usilie. Wapime mara nyingi badala ya mara mbili, mwonyeshe kila mmoja kwa mstari wake kwenye grafu badala ya kumficha ndani ya wastani, na uandike ukubwa wa kosa la kifaa chako karibu na kila badiliko unalodai (tazama swali la hesabu, lenye viatu vyeusi).